Kazimoto wa Kichwamaji: nampenda, simpendi, sijui nimweke wapi

Mleta uzi

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite. Na kama hujaisoma Kichwamaji, humu ndani nitaimaliza hadithi yote mpaka kifo. Riwaya hii ya Euphrase Kezilahabi imetoka 1974, mwenye kutaka kuisoma bila kuharibiwa utamu alikuwa na muda wa kutosha.

Nimeirudia tena majuzi na imeniacha na ugomvi uleule na mhusika mkuu. Kazimoto ni mwanafunzi wa chuo kikuu anayerudi likizo nyumbani, akajikuta hawezi kukaa na watu wake tena. Wazazi wake wapo, jamaa wapo, kijiji kizima kinamsubiri msomi wao, lakini yeye anatembea humo kama mgeni aliyeshushwa kituo kisicho chake. Kila anachokiona anakipima. Mungu yupo au hayupo? Maisha yana maana gani? Mtu anatofautiana vipi na mnyama? Wenzake wanataka kunywa na kupiga soga, yeye anataka kujua kwa nini tumezaliwa.

Hapo ndipo ananikamata. Riwaya nyingi za Kiswahili za miaka ile zina wahusika waliokuja kutufundisha jambo. Mwema ni mwema tangu anaamka, mbaya unamjua kabla hajafungua kinywa. Kazimoto haji kufundisha chochote. Ana wivu, ana kiburi, ana kinyaa, anacheka mahali ambapo hapachekeshi, na anatuambia yote hayo mwenyewe, kwa nafsi ya kwanza, bila kujipamba. Unamwona mtu anavyopepesuka ndani ya kichwa chake. Nilipomsoma mara ya kwanza nilidhani Kezilahabi ameniibia mawazo yangu.

Sasa linalonikera. Nikifunga kitabu nikawahesabu watu walioumia kwa sababu ya upweke wa Kazimoto, naona orodha ina sura za watu wasiopewa nafasi ya kusema. Mnakumbuka mkasa wa Rukia, dada yake. Manase, mwenzake wa tangu utotoni, anampa mimba Rukia, na binti anaishia kufa. Manase anaendelea na maisha, anakuwa Mkuu wa Wilaya, na Kazimoto anakwenda ofisini kwake huku kifua kimejaa sumu. Mpaka hapo niko upande wa Kazimoto kwa asilimia zote. Halafu anafanya nini na hasira yake? Anamwelekea Sabina, dada wa Manase. Jicho kwa jicho, dada kwa dada. Kwamba baadaye anampenda kweli na kumwoa hakufuti jinsi ilivyoanza. Sabina hakumkosea mtu. Alichukuliwa kama deni.

Tunaambiwa, na sisi wasomaji tunarudia, kwamba Kazimoto "haeleweki", jamii haikumwelewa. Nauliza kwa nia njema: yeye alimwelewa nani? Anawatazama wazazi wake wakiwa pale pale mbele yake, anaandika hukumu, anageuza uso. Sikumbuki mahali anapomuuliza mtu swali la kawaida kisha akatulia kusikiliza jibu. Mtu anayelia kwamba haeleweki, na hana hamu ya kumwelewa yeyote, mimi upweke wake naukubali, ila malalamiko yake nayapokea nusu.

Lakini kila nikifika hapo, nageuka tena. Maana yule anayenipa ushahidi wote huu dhidi ya Kazimoto ni Kazimoto mwenyewe! Hakuna msimulizi mwingine aliyeninong'oneza. Angetaka kujificha angejificha. Mtoto wake na Sabina anapozaliwa na kichwa kikubwa, kama alivyo mtoto wa Manase, anaona waziwazi kwamba yeye na adui yake ni kitu kimoja, na hakuna uongo wowote wa kumwokoa. Baada ya hapo anajiua. Nashindwa kumchukia mtu aliyejiona hivyo. Nashindwa pia kumsamehe kwa sababu tu alijiona.

Hebu mnisaidie. Nyinyi mnamweka wapi?

Mchovu wa Riwaya

Mimi simpendi, kwisha habari. Kulalamika kuanzia ukurasa wa kwanza. Chuo kasoma, afya anayo, ndugu anao.

Chaki Nyeupe

Mleta uzi umeandika vizuri, ila niruhusu nikuvute shati kidogo. Nimefundisha fasihi miaka mingi, na kila darasa linapofika kwa Kazimoto linagawanyika hivyo hivyo: huyu anampenda, yule hampendi. Halafu mtihani unauliza dhamira na maudhui, watoto wanaandika "ukosefu wa maadili kwa wasomi", wanapata alama zao, na Kazimoto anazikwa mara ya pili.

Tuangalie alikotoka. Kezilahabi alizaliwa Ukerewe 1944, akasoma seminari, akaenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kizazi chake ndicho cha kwanza kupanda ngazi ya elimu ya juu kwa wingi baada ya uhuru. Ngazi ile iliwatoa vijana kijijini wakiwa na miaka michache sana na kuwarudisha likizo wakiwa wamejaa vitabu vya Ulaya vilivyotilia shaka kila kitu walichofundishwa na wazee na mapadri. Uliza: kijana wa namna hiyo angeongea na nani? Baba yake hana lugha ya maswali yale. Manase anayo, lakini Manase ameshachagua cheo. Kwa hiyo ukisema "hakumuuliza mtu swali la kawaida", mimi nasema maswali ya kawaida ndiyo aliyonyang'anywa. Alirudi nyumbani na maswali makubwa tu.

Na usisahau mwaka huohuo wa 1974 mwandishi alitoa Kichomi, mashairi yasiyofuata vina na mizani. Wanamapokeo waliwaka moto. Yaani mwenyewe alijua maana ya kuandika kitu watu wakakitazama wakasema hiki nacho ni kitu gani. Simaanishi Kazimoto ni Kezilahabi, hilo ni kosa la wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza. Nasema tu upweke ule haukuandikwa na mtu aliyeusikia redioni.

Binti Karatasi

Mwalimu, shikamoo. Nimekusoma kwa heshima, lakini naomba unieleze jambo moja. Huyo kijana aliyenyang'anywa maswali ya kawaida, mbona hakunyang'anywa tamaa? Mbele ya baba yake anakuwa mwanafalsafa, ulimi mzito, pengo la vizazi. Mbele ya wanawake pengo linatoweka, anajua kabisa anachotaka na namna ya kukipata.

Mimi Kazimoto namwona kwa kumpitia Rukia. Rukia ndiye mpweke wa riwaya hii. Amepata mimba, ameachwa, amekufa, na kifo chake kinageuka kuwa nini? Kinageuka kuwa sababu ya kaka yake kuwa na hasira ya kuvutia. Sisi tunakaa tunajadili vidonda vya nafsi vya Kazimoto wakati binti wa watu ameshazikwa. Upweke wa mwanamume kwenye fasihi yetu unaitwa falsafa. Upweke wa msichana unaitwa aibu ya familia.

Sisemi kitabu kibaya. Ni katika vitabu vyangu vitano bora vya Kiswahili na sitaki mtu aniguse. Nasema tusimpe Kazimoto kiti cha mbele kwa kuwa tu ndiye aliyeshika kalamu.

Mchovu wa Riwaya

Dada hapo kwenye falsafa na aibu umemaliza. Tufunge uzi.

Mleta uzi

Haufungwi leo, mkuu.

Binti Karatasi, hilo la kushika kalamu ndilo nililokuwa nalitafuta tangu juzi nikalikosa. Nafsi ya kwanza ina hila. Ukikaa ndani ya kichwa cha mtu kurasa zote hizo, unaanza kuona wenzake kama anavyowaona yeye, vivuli vinavyopita. Nikijaribu kukumbuka sura ya Sabina, naipata kwa shida. Sura ya huzuni ya Kazimoto naijua mpaka mikunjo.

Ila nina swali kwako. Je, Kezilahabi hakujua hilo? Mimi nadhani alijua. Ndiyo maana akamfanya Manase na Kazimoto wapate watoto wenye hali moja. Mwandishi aliyetaka tumhurumie Kazimoto peke yake angemwacha awe mhanga na Manase awe mkosaji. Badala yake anawaweka kwenye mizani moja na mizani inasimama. Kazimoto kutwa anamhukumu Manase, kumbe anajihukumu mwenyewe. Kama hiyo si hukumu ya mwandishi juu ya mhusika wake, basi sijui tuiite nini.

Binti Karatasi

Alijua, nakubali. Lakini kujua hakukumfanya ampe Sabina mdomo. Miaka mitatu kabla alikuwa ameshamwandika Rosa, wa riwaya ya Rosa Mistika, tena kwa ukaribu uliomletea matatizo shuleni, riwaya ikapigwa marufuku. Uwezo wa kuingia ndani ya mwanamke alikuwa nao. Kwenye Kichwamaji aliamua kuuweka pembeni. Naheshimu uamuzi wake, na unaniuma vilevile.

Mvuvi wa Maneno

Niingie na mwingine kutoka upande tofauti kabisa. Utubora, wa riwaya ya Utubora Mkulima ya Shaaban Robert.

Mnaweza kucheka, lakini mtazameni kwa nje tu, kama majirani wangemtazama. Kijana ana kazi nzuri ya ofisini Unguja, mwajiri anamtaka, mshahara upo. Anaacha. Anakwenda Busutamu kulima. Wenzake wanaona amerukwa na akili. Huyo naye ni mhusika wa ajabu, mpweke, asiyeeleweka. Vigezo vyote vya Kazimoto anavyo, kasoro kimoja: hadharau mtu. Anaondoka bila kuwatukana waliobaki.

Sasa kituko ni hiki. Utubora ningependa awe jirani yangu, nimpe ufunguo wa nyumba nikisafiri. Lakini kumsoma? Kurasa kadhaa na nimeshajua atatenda nini mpaka mwisho. Kazimoto nisingempa hata baiskeli, na bado nimemsoma usiku kucha. Kwa hiyo nadhani mleta uzi anachanganya maswali mawili. Moja ni kama tungependa kuishi naye. Jingine ni kama tungependa kuwa ndani ya kichwa chake. Yana majibu tofauti na hakuna ubaya wowote.

Kisha kuna yule wa mwandishi Mfaransa Albert Camus, Meursault, wa riwaya ya L'Étranger (Mgeni) ya 1942. Hakulia kwenye mazishi ya mama yake, akaja kuua mtu, na mahakamani kutolia kule kukawa kama kosa kubwa kuliko mauaji yenyewe. Watu humlinganisha sana na Kazimoto, maana Kezilahabi alikuwa ameinywa falsafa ile ya Camus ya maisha yasiyo na maana. Kwangu wanatofautiana pakubwa. Meursault hataki chochote kutoka kwa mtu, na kueleweka hakumhusu. Kazimoto anataka kupendwa na anaona haya kwamba anataka. Ndiyo maana wa kwanza nikimsoma nahisi baridi, wa pili nahisi homa. (Na angalia, hata huko aliyeuawa hakupewa jina. Binti Karatasi ana hoja inayovuka bahari.)

Chaki Nyeupe

Marahaba Binti Karatasi, na umenibana kwelikweli. La tamaa sina jibu safi. Nitasema tu kwamba ninapofundisha sasa nitaanza na Rukia, nione darasa litakwenda wapi.

Mvuvi, hilo la Utubora ni zuri, ila angalia namna alivyosimuliwa. Shaaban Robert anamsimulia kwa nje, na anamsifu wazi. Hatuingii gizani mwake, kama analo. Upweke wa Utubora ni mahali alipochagua kupumzika. Ukimpa Utubora nafsi ya kwanza, akatuambia anachowaza saa nane ya usiku shambani peke yake, huenda tukamwona Kazimoto mwingine mwenye jembe.

Na kuna jambo jingine juu ya miisho. Rosa anajiua. Kazimoto anajiua. Tumaini wa Dunia Uwanja wa Fujo, 1975, ananyongwa. Riwaya tatu mfululizo, na mhusika mkuu hafiki mwisho akiwa hai. Wahakiki wamemwita mwandishi mkata tamaa. Mimi naona kama mtu anayejaribu mlango uleule kwa funguo tofauti, mlango haufunguki, hasemi uongo kwamba umefunguka.

Mtu wa Dirishani

Huwa nasoma tu, sichangii. Leo nimeshindwa kunyamaza.

Nilimsoma Kazimoto nikiwa kijana niliyekaa peke yangu sana, si kwa kupenda. Wengi mnamjadili kama mtu wa mbali. Kwangu alikuwa mtu wa kwanza kwenye kitabu cha Kiswahili kusema kwamba unaweza kuzungukwa na watu wanaokupenda na bado ukawa peke yako. Nilikuwa sijui kwamba jambo hilo linasemeka. Kwa hilo nina deni kwake na sitalikana.

Lakini alinipa na sumu. Alinifanya niuone upweke wangu kama ushahidi wa akili. Kwamba wanaocheka pale kibarazani wanacheka kwa kuwa hawafikiri, na mimi nanyamaza kwa kuwa nafikiri. Uongo mtupu. Baadhi ya waliokuwa wanacheka walikuwa na mambo mazito kuliko yangu, walijua tu kuyabeba pamoja. Nilichelewa sana kuzungumza na mtu kwa sababu ya fahari ile. Ndiyo maana Mchovu wa Riwaya akisema "analalamika" sikasiriki, lakini nataka ajue kuna wasomaji ambao kwao lile si lalamiko tu. Na kwa yeyote anayemsoma akiwa na hali kama niliyokuwa nayo: zungumza na mtu wa karibu kabla hujafika kurasa za mwisho. Hakuna ukuu wowote pale. Kuna mke aliyebaki na msiba juu ya msiba.

Mchovu wa Riwaya

Ndugu, nimekusoma mara mbili. Lile neno langu la afya na ndugu nimelirudisha mfukoni. Kazimoto bado simpendi.

Mleta uzi

Mtu wa Dirishani, asante kwa kutoka dirishani.

Umenisaidia kuona kinachonisumbua hasa. Sina tatizo na upweke wake, na ukorofi wake pia nimeuzoea. Kinachonikera ni ile daraja anayoijenga kati ya viwili hivyo: niko peke yangu, kwa hiyo naona mbali, kwa hiyo ninayoyatenda yana uzito kuliko ya wenzangu. Manase akimharibu msichana ni ulafi wa mwenye cheo. Kazimoto akimwendea Sabina kwa kisasi ni msiba wa kifalsafa. Kitendo kimoja, majina mawili. Ukimwondolea daraja hiyo, upweke wake ninaupokea wote bila kinyongo.

Na nadhani mwandishi mwenyewe aliivunja daraja hiyo baadaye. Chukueni riwaya yake ya Nagona, ya 1990. Pale msimulizi ni mpweke kupita Kazimoto, anatembea kwenye mji uliokufa, watu ni wa kuhesabika na wenyewe ni vitendawili. Lakini hana kijiji cha kukidharau. Hana Sabina wa kumtwisha hasira. Maswali ni yaleyale ya maisha na kifo, ila safari hii hakuna anayelipa gharama kwa niaba yake. Wengi wanaikimbia Nagona kwa ugumu wake, na kweli ni ngumu, mimi mwenyewe kuna kurasa napita kama mtu anayevuka mto usiku. Lakini kama mnataka kuona Kazimoto anakuwaje akitolewa kisingizio cha watu wengine, ipo pale.

Mwalimu, la Utubora na jembe saa nane ya usiku, tafadhali liandike. Silichukulii kama utani.

Binti Karatasi

Mleta uzi, kuhusu Nagona nina shaka. Umemtafutia Kazimoto dunia tupu ndipo ukampenda. Rahisi mno. Kumpenda mpweke kwenye mji usio na watu hakunigharimu chochote. Mtihani uko kwenye Kichwamaji, ambako watu wapo na wanaumia.

Mimi jibu langu kwa swali lako la mwanzo ni kwamba nitaendelea kumsoma, nitaendelea kumnukuu, na kila nikifika pale anapoamua kuhusu Sabina nitaendelea kukasirika kama mara ya kwanza. Sioni kwa nini nichague kimoja.

Mleta uzi

Dada, umenipata. Nagona naitoa kwenye ushahidi, inabaki kama pendekezo la kusoma tu.

Kwa wanaouliza inbox: nakala yangu ni ya zamani, ina maandishi ya penseli ya mtu aliyeisoma kabla yangu. Pembeni mwa mawazo ya Kazimoto juu ya Mungu amepiga mistari miwili miwili. Kwenye kurasa za Rukia hakuna alama hata moja. Nimeanza kuziweka mimi.